Mahame ya Mwaka 1974

Historia ya watu wa Bariadi haiwezi kuandikwa pasipo kutaja mahame. Kabla ya Operesheni Vijiji, Msukuma alijenga mbali na jirani yake. Kaya ilizungukwa na ua wa minyaa, makaburi ya wazee yakiwa papo hapo na ngitili ya malisho pembeni. Ardhi iligawiwa na mtemi na wanangwa wake. Hata baada ya utemi kufutwa mwaka 1963, haki ya aliyefyeka pori iliheshimiwa na majirani.

Tarehe 6 Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, nayo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mkoa wa Shinyanga, uliokuwa na Bariadi ndani yake hadi Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012, ulifikiwa na operesheni mwaka 1974. Nia ya kuwapatia watu shule, maji na zahanati ilikuwa njema, wala siibezi. Lakini sheria ya kusajili vijiji ilitungwa mwaka 1975, wengi wakiwa wamekwisha kuhamishwa. Tena shamba la mmoja liligawiwa mwingine, aliyelipokea kwa moyo mnyofu. Huyu hakuwa Ahabu, ingawa aliyeondolewa alijiona Nabothi.

Miaka ya 1980 wenyeji wa zamani, katika sehemu mbalimbali za nchi, walianza kwenda mahakamani. Kule Mbulu, Lohay Akonaay na mwanawe walishinda na kurudishiwa shamba lao. Bunge likajibu kwa Sheria Na. 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki za kimila za kabla ya vijiji, ikazuia fidia na kufunga mlango wa mahakama. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila ya kumiliki ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Hata asiyejenga kitu, maadamu ameitolea ardhi jasho lake, hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Vifungu vilivyozuia fidia na mashauri vikabatilishwa.

Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliuthibitisha ugawaji uliofanywa kati ya 1970 na 1977. Kwa hiyo aliyegawiwa wakati ule hawezi kuondolewa kirahisi na mwenye hame, naye mwenye hame, akitaka kuyaona makaburi ya babu zake, humbishia hodi mwenye shamba.