Gari Kuukuu na Udongo wa Usukumani

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nimelifundisha neno hilo darasani kwa miaka mingi, na kwa upande wa jembe sina ubishi nalo, maana majembe ya dukani yanafanana na tofauti imo mikononi mwa anayelima. Lakini kwa gari lililokwisha kutumiwa na wengine, hasa gari la njia mbaya, methali hii haitufai. Asiyechagua vizuri atalima kweli, ila atalima kwa mabega, akilisukuma.

Napenda kuzungumza na msomaji juu ya uchaguzi huo kwa sababu kila mwaka naona watumishi wenzangu wakistaafu katika Shinyanga, Kahama na Geita, wakipokea kiinua mgongo, na jambo la kwanza au la pili wanalolitaka ni gari. Si basi la biashara wala lori la kubebea pamba. Wanataka gari la kuendesha wenyewe, la kwendea shambani asubuhi na msibani jioni na, kwa nini tusiseme, la kujifurahisha. Fedha ile ni jasho la miaka thelathini na zaidi ya chaki, na haiji mara mbili. Kwa hiyo swali si dogo, na halijibiki vizuri mpaka tutazame kwanza tulikotoka.

Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lilipata sifa yake vitani. Wamarekani walitengeneza Jeep kwa maelfu mengi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha, Mwingereza mmoja aitwaye Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep moja kuukuu ya jeshi katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey. Kutokana na gari hilo alipata wazo la Land Rover, ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Chuma cha bodi kilikuwa adimu Uingereza wakati ule, basi bodi likafanywa kwa aina ya alumini, na ndiyo maana mpaka leo utaona Land Rover za zamani ambazo bodi lake ni zima huku chesisi yake ya chuma imeliwa na kutu. Wajapani nao, kampuni ya Toyota, walitengeneza gari la namna hiyo mwaka 1951, na mwaka 1954 wakalipa jina la Land Cruiser. Kwa hiyo Land Rover yenyewe ni mtoto wa gari kuukuu. Aliyelitumia alijua analitakia kazi gani, akalitazama vizuri, akaona lililopungua.

Huku kwetu gari hilo lilikuja likiwa na sura ya mamlaka. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1950 tulilifahamu kwa mlio kabla ya kuliona. Lilikuwa gari la Bwana Shauri, la padri, la bwana shamba aliyekuja kukagua matuta ya pamba, na la mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao Dk. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliuanzisha mwaka 1940 na kuuendesha hadi alipofariki mwaka 1958. Baada ya Uhuru waliokaa ndani walibadilika, lakini maana ya gari haikubadilika sana. Lilikuwa gari la mkoa, gari la chama, gari la ushirika. Mwalimu aliyeona vumbi la Land Rover upande wa barabarani alijua mkaguzi wa shule anakuja, akawahi kupanga maandalio ya masomo mezani. Ile Land Rover ndefu tuliiita 109, na wengi hawakujua kwamba namba hiyo ni inchi tu, urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, magari ya raia na ya mashirika yalikusanywa kubeba askari na mizigo, na mengine hayakurudi.

Kuendesha gari kwa kujifurahisha halikuwa jambo la kusemwa hadharani. Kulikuwa na jina la dhihaka, wabenzi, kwa wale waliopenda magari ya fahari. Na mafuta yalipopanda bei duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979, nchi ikakosa fedha za kigeni, ikafika mahali magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana bila kibali. Vijana wa leo husikia habari hiyo wakacheka. Mimi sicheki, kwani nchi ilikuwa na shida ya kweli. Lakini ni vizuri tujue kwamba matembezi ya Jumapili, kwenda kuona mvua imefika wapi au kumtazama shemeji ng'ambo ya mto, yalikuwa kosa la kutozwa faini.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Baadaye yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, kwanza kidogo kidogo, halafu kama mafuriko. Sababu zake ni nyepesi. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani uko mahali petu. Tena sheria yao inataka gari dogo la binafsi likaguliwe kwa gharama kubwa baada ya miaka 3 ya kwanza na kila baada ya miaka 2 kuendelea, na wengi huona heri kuliuza. Hivyo gari ambalo mwenyewe amelichoka huko bado lina umri mrefu huku.

Kisha ikaja dhahabu. Geita haikuanza jana. Mgodi wake ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Katika miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walijaa ukanda wote, na mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mkubwa wa Geita, ukafuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Pamoja na migodi zikaja Land Cruiser nyeupe, zenye bendera ndogo juu ya mlingoti mwembamba ili madereva wa malori makubwa waone kwamba chini kuna gari. Watu wakaziita Mkonga, kwa ajili ya lile bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo kama mkonga wa tembo. Na ile maana ya zamani ikarudi, kwamba mwenye gari kubwa ndiye mwenye neno. Kijana aliyepata bahati yake kwenye duara alinunua gari kama la meneja, na mstaafu akanunua kama la kijana. Mwenzangu mmoja, Mungu amrehemu, alinunua gari kubwa sana la dizeli. Kila alipotaka kwenda sokoni alipiga hesabu ya mafuta, akachukua baiskeli. Gari lilikaa chini ya mwembe, na kuku wakataga ndani yake.

Hapa ndipo historia inapotufaa. Kosa la kuchagua chombo kwa ukubwa wake bila kuuliza udongo limekwisha kufanyika nchini mwetu kwa kiwango cha kutisha. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Walinunua matrekta yaliyotumika vitani, mengi yakiwa yamechoka, mafundi na spea vikiwa havitoshi. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji na kuvila vyuma vya majembe. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wagogo walioishi pale walikuwa wanajua udongo ule, lakini ni wachache waliowauliza.

Nasi tuulize udongo wetu. Wasukuma wana majina ya udongo yaliyo kama somo zima la jiografia. Juu kwenye vilima vya mawe kuna luseni, mchanga mwepesi. Ukiteremka unakuta itogolo, udongo mgumu usionyonya maji haraka, na chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi mbuga hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama unaweza kuzama. Mvua za Novemba zikianza, udongo ule hufura, ukashika tairi mpaka tairi likawa duara moja la tope lisilo na meno. Kwenye luseni punguza upepo wa tairi na utapita. Kwenye mbuga iliyolowa uzito ni adui, na gari la tani mbili na zaidi litazama mahali ambapo gari la tani moja litapita likiyumba. Sisemi kwamba gari dogo halikwami. Nasema gari dogo likikwama, vijana wanne na ubao mmoja wanalitoa. Kubwa likikwama unatafuta trekta, na mwenye trekta anapanga bei akikutazama usoni.

Tena tukumbuke kwamba mwendo wa kila siku umebadilika. Barabara kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni lami, Isaka hadi Kahama ni lami, na tangu Juni 2025 huvuki tena kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi kwenda Geita, kwani kuna Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3. Mstaafu wa leo hutembea kilomita arobaini za lami na tatu za tope, na gari lake lazima liweze yote mawili. Kama zile tatu ni changarawe tu, Toyota RAV4, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1994, inamtosha, ingawa haina ile gia fupi ya ziada ya kupandia na kujinasulia. Kama zile tatu ni mbuga, atafute lenye gia hiyo na chesisi ya kweli. Suzuki ndogo za milango miwili zinayo, na ndiyo niliyoichagua mimi. Anayebeba mahindi na wajukuu saba atahitaji Land Cruiser, na zile za mfululizo wa 70, zilizoanza mwaka 1984 na zinazotengenezwa hadi leo, spea zake zipo mpaka kwenye magulio. Land Rover ya zamani ni ya mwenye moyo na fundi wa karibu. Utengenezaji wa lile umbo la asili ulikoma Januari 2016, lakini wapenzi wake hawajakoma, kwani Oktoba 2024 walikusanyika Arusha na magari yao kwa mamia, na hakuna aliyewalazimisha.

Ukishajua aina, sasa tazama gari lenyewe. Fundi mmoja wa Kahama, aliyekuwa mwanafunzi wangu, aliniambia, "Shikamoo mwalimu. Gari usilitazame usoni, livue viatu kwanza." Nikamwitikia marahaba, nikamwuliza maana yake. Alikuwa na maana kwamba nianzie chini. Rangi mpya ni kazi ya siku mbili, na si vyote ving'aavyo ni dhahabu; watu wa Geita wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lala chini, gonga chesisi kwa bisibisi usikie kama inalia chuma au inalia ganda. Fungua kifuniko cha oili; ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Inua mazulia utafute matope makavu, kwa maana gari lililozama halisemi. Liwashe likiwa la baridi, asubuhi, kabla muuzaji hajalipasha moto. Jaribu magurudumu manne kwenye mchanga, si kwenye lami, halafu sikiliza difu na giaboksi. Linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Namba ya kilomita kwenye dashibodi isikushawishi. Itazame pedeli ya klachi na usukani, kwani hivyo havijui kudanganya kuhusu umri. Lililotoka mgodini au kwenye mnada wa shirika aghalabu lina daftari la matengenezo, basi liombe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayekufuata hadi nyumbani, mwache aende zake.

Jambo la mwisho ni mfuko. Usinunue gari kwa fedha zote ulizonazo. Weka kando kiasi cha matairi, shokapu, betri na mambo ambayo fundi atayagundua mwezi wa kwanza, kwa sababu atayagundua. Na kabla ya kulipa, piga hesabu ya mafuta ya safari zako za wiki, si za ndoto zako. Gari usiloweza kulijaza mafuta bila kunung'unika si lako; wewe ndiye wake.

Ipo aibu moja ningependa tuiache nyuma, aibu ya kusema kwamba tunapenda kuendesha. Gari hili lilikuja kwetu likiwa la watu wa kutuagiza, kisha likawa la kukatazwa Jumapili, kisha likawa la kuonyeshea fedha. Kizazi changu ni cha kwanza huku ambacho mwalimu wa kawaida anaweza kulimiliki kwa sababu rahisi kabisa, kwamba mvua imenyesha Mwadui, hewa inanuka udongo, na yeye anataka kwenda kuona mto umejaa kiasi gani. Hiyo ni sababu nzuri. Anayekwenda kununua gari na aichukue sababu hiyo pamoja na bisibisi yake, wala asimwachie jirani nafasi ya kumchagulia.