Hesabu iliyofichwa ubavuni mwa kontena

Makontena yanayoshushwa katika gati za Kipevu, eneo la Changamwe mjini Mombasa, huwa na utambulisho wa alama 11: herufi nne na tarakimu saba. Tarakimu ya mwisho, ambayo aghalabu huzungushiwa kisanduku, si sehemu ya nambari ya usajili. Hiyo ni zao la hesabu, na kazi yake ni kufichua makosa ya uandishi.

Makosa hayo yana gharama. Stakabadhi za forodha zisipolingana na kontena lililo juu ya trela, dereva huweza kuzuiliwa langoni huku ada za kuhifadhi mzigo zikiongezeka siku baada ya siku.

Herufi tatu za kwanza humtambulisha mwenye kontena, nazo husajiliwa na shirika la BIC lililoko Paris, Ufaransa. Ya nne huwa U kwa makontena ya mizigo. Nambari ya tarakimu sita hufuata, hivyo kila kundi la herufi laweza kubeba makontena milioni moja, kuanzia 000000 hadi 999999.

Kanuni ya ISO 6346 huipa kila herufi thamani: A ni 10, B ni 12, hadi Z ambayo ni 38. Nambari 11, 22 na 33 zimerukwa kwa kuwa hugawanyika kwa 11. Alama ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, kizidishi kikirudufika hadi 512 kwa alama ya kumi. Jumla ya majibu hugawanywa kwa 11, na baki huwa ndiyo tarakimu ya mwisho.

Mfano unaotumiwa mara nyingi ni CSQU 305438. Jumla yake ni 6185, ambayo ikigawanywa kwa 11 hutoa 562 na baki 3. Karani akipindua 0 na 5 akaandika 350438, jumla hushuka hadi 6025 na baki huwa 8. Kompyuta huikataa.

Nguvu ya mbinu hii imo katika 11 yenyewe, ambayo ni nambari tasa. Vile vizidishi kumi vikigawanywa kwa 11 huacha mabaki 1, 2, 4, 8, 5, 10, 9, 7, 3 na 6. Hakuna linalojirudia wala lililo sufuri. Kwa hiyo kukosea tarakimu moja, au kupindua mbili zisizofanana, hubadilisha baki.

Hata hivyo, ulinzi huo una mianya. Baki likiwa 10 huandikwa 0, kwa hivyo mabaki hayo mawili hayatofautiki. Ndiyo sababu inashauriwa nambari za aina hiyo zisitumiwe. Aidha, A, K na U, zenye thamani za 10, 21 na 32, zote huacha baki 10. Anayeandika K mahali pa A hupita bila kunaswa na hesabu, na hapo hubaki jicho la karani pekee.