Helikopta za Baharini na Droni: Ugomvi wa Miaka Sitini

Wapo waandishi wa mambo ya kijeshi wanaotutangazia kwamba zama za helikopta baharini zimekwisha, na ushahidi wanaouegemea zaidi ni tukio moja. Tarehe 31 Desemba 2024, karibu na Rasi ya Tarkhankut huko Crimea, boti ya Ukraine isiyo na watu, aina ya Magura V5, ilirusha kombora kuielekea helikopta ya Urusi aina ya Mi-8. Idara ya ujasusi wa kijeshi ya Ukraine ilitoa video, ikasema helikopta imeanguka na kwamba haijapata kutokea katika historia droni ya majini ikaangusha chombo cha angani. Hilo silibishii. Ninalolikataa ni hitimisho lililofuata, kana kwamba siku ile ndipo helikopta na droni zilipoanza kugombea nafasi baharini.

Historia ya helikopta baharini imeandikwa sana: Wajerumani waliopandisha helikopta za Flettner melini katika Vita vya Pili vya Dunia, makomando wa Kiingereza walioteremshwa Suez mwaka 1956, nyambizi ya Argentina Santa Fe iliyolemazwa na helikopta za Waingereza mwaka 1982. Sura isiyosomwa ni ile ya chombo kilichoitwa DASH.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, manowari nyingi za Marekani zilikuwa zimesalia kutoka Vita vya Pili vya Dunia, na sitaha zao hazikutosha kubeba helikopta kubwa yenye marubani. Wakati huohuo sona mpya ziliweza kuzinasa nyambizi za Kisovieti mbali kuliko silaha za meli zilivyoweza kufika. Kampuni ya Gyrodyne ya Long Island, New York, ikaleta QH-50, ndicho chombo cha DASH: helikopta ndogo isiyo na rubani, yenye seti mbili za mapanga juu ya mhimili mmoja zikizunguka pande tofauti, na topido limening'inizwa tumboni. Mwaka 1960 ilitua bila mtu ndani kwenye manowari USS Hazelwood. Zaidi ya 700 zilitengenezwa.

Uendeshaji wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Mwongozaji wa kwanza alisimama sitahani na kuiinua akiitazama kwa macho yake. Ikishaondoka, alimkabidhi mwenzake aliyekaa ndani ya meli, kwenye chumba cha mapambano, asiyeona anga wala maji ila nukta kwenye kioo cha rada. Huyu ndiye aliyeiamuru igeuke, ipande, ishuke, iachie topido. Chombo hakikumjibu. Hakikumwambia kama amri imefika, wala kama kimeshuka chini mno. Nukta ikitoweka kiooni, ndipo alipojua kwamba kimekwenda na maji. Isitoshe, kwa kuwa kilihesabiwa kuwa chombo cha kutumika na kupotea, mitambo yake haikuwekewa akiba: kifaa kimoja kikifa, helikopta nzima imekwenda. Mamia yalipotea kwa namna hiyo.

Wako wanaodai kwamba marubani waliipiga vita DASH kwa kuogopa kunyang'anywa kazi. Sioni haja ya kutafuta wivu mahali ambapo mabaharia walikuwa wanaviona vyombo vyao vikizama bila kuguswa na adui. Wenye hoja nzito zaidi ni wale wanaosema chombo kiliharakishwa kuingizwa kazini kabla hakijakomaa, nami nawaunga mkono, kwa sababu Vietnam ilithibitisha. Huko baadhi ya QH-50 zilifungwa kamera ya televisheni, mabaharia wakaziita Snoopy, zikawa zinaonyesha mahali makombora ya mizinga ya meli yanapoangukia. Droni ilipopata jicho ikawa chombo kingine kabisa. Lakini uamuzi ulikuwa umeshakatwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mahali pake palichukuliwa na helikopta ya Seasprite, yenye watu ndani. Raundi ya kwanza ilikwenda kwa rubani.

Tukiijua sura hiyo, Tarkhankut inasomeka vizuri zaidi. Mwongozaji wa Magura anaona kile ambacho boti yake inaona. Hicho ndicho alichokikosa yule wa kwenye kioo cha rada. Na Mi-8 ilikuwa inafanya nini pale? Baada ya Urusi kuzipoteza Ivanovets, Caesar Kunikov na Sergei Kotov kwa boti hizohizo mapema mwaka 2024, helikopta zilizidi kutumwa kuziwinda kwa bunduki za rashasha. Kupiga boti ndogo kwa rashasha kunailazimu helikopta iteremke, isogee, ipunguze mwendo. Kazi hiyo ilifaa maadamu boti haikuwa na meno. Waukraine wakaifunga R-73, kombora la enzi ya Kisovieti linalofuata joto, lililobuniwa kwa ajili ya ndege za kivita, na mwindaji akawa windo. Hata Mi-8 yenyewe ni helikopta ya uchukuzi wa nchi kavu, haikuundwa kwa vita vya majini. Mwenzake aliyepigwa na droni ya Bayraktar katika Kisiwa cha Nyoka mwezi Mei 2022 alikuwa ametua, akishusha askari.

Mei 2025 Ukraine ilitangaza kwamba boti za Magura zimeangusha ndege ya kivita aina ya Su-30 karibu na Novorossiysk. Sijamsoma mtu aliyetoa hukumu kwamba zama za ndege za kivita zimekwisha.

Tena kuna tukio ambalo wapiga mbiu hawa wanalipita kimya. Machi 2024, katika Bahari ya Shamu, helikopta ya Kifaransa aina ya Panther iliisogelea droni ya Wahouthi iliyokuwa ikitishia meli za biashara, mpiga bunduki akaiangusha kwa rashasha ya kawaida kupitia mlangoni. Ni miezi tisa tu kabla ya Tarkhankut. Helikopta ingali chombo bora cha kuwinda nyambizi na kuokoa watu baharini. Kosa ni kuituma ikafukuze kwa rashasha boti yenye kombora. Yeyote atakayeandika historia ya vita hivi, aiweke Panther na Mi-8 katika ukurasa mmoja, na DASH katika ukurasa unaotangulia.