Mgomo wa Kodi wa Ng'ambo na Mpangaji wa Biryogo

Mwezi wa Februari mwaka jana, mwenye nyumba wetu, ambaye mtaani sote tunamwita Hajati, alibisha hodi jioni na kukaa kwenye mkeka. Baada ya kuuliza hali za watoto alisema kwamba kuanzia mwezi wa nne kodi itapanda kutoka faranga 60,000 hadi 110,000. Mama alipanga vyumba vile viwili hapa Biryogo, Kigali, mwaka 2004, kwa faranga 15,000. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Muhula huohuo nilikuwa nasoma historia ya miji ya Afrika Mashariki, na ndipo nikakutana na wapangaji wa Zanzibar ambao mwaka 1928 waliambiwa maneno kama ya Hajati, wakakataa kulipa. Katika insha hii nitajaribu kueleza kwa nini wao waliweza, na kwa nini kwetu jambo hilo ni gumu.

Kwanza, ni lazima kueleza kidogo mtaa wetu ulikotoka. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa Ujerumani. Wajerumani walikuja na askari na wapagazi, na nyuma yao wakafuata wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, wengi wao Waislamu. Wakati wa Wabelgiji watu hao walitengwa katika eneo lililoitwa Kambi ya Waswahili, na kutoka na kuingia kwao kulihitaji ruhusa. Biryogo imetokana na kambi hiyo. Kwa hiyo mtaa wetu ulianza kama mahali pa kuwaweka watu, na umegeuka kuwa mahali ambapo watu wanagombea kukaa, kwa sababu uko karibu na katikati ya mji. Mwaka 1962, nchi ilipopata uhuru, Kigali ilikuwa mji mdogo wa watu elfu chache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 1,700,000.

Ng'ambo nayo ilikuwa upande wa pili, ng'ambo ya mkondo wa maji uliotenganisha Mji Mkongwe na makazi ya watu wa kawaida. Waliokaa huko wengi walikuwa watumwa wa zamani na watoto wao, pamoja na wageni kutoka bara na Visiwa vya Komoro. Walijenga nyumba za udongo, boriti na makuti juu ya viwanja vya matajiri wa Kiarabu na Kihindi, au vya wakfu. Hapa pana jambo la msingi. Kwa sheria ya Kiislamu na desturi ya pale, ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na nyumba ikawa ya mwingine. Katika karne ya 19 tajiri aliwaachia wafuasi wake wajenge bure au kwa malipo madogo, naye akapata heshima na watu wa kumsimamia. Baada ya Waingereza kuifanya Zanzibar nchi lindwa mwaka 1890, na utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, uhusiano ule ulibadilika polepole. Kiwanja kikawa mali ya kuingiza fedha. Kufikia miaka ya 1920 kodi za viwanja zilikuwa zikipandishwa kwa kasi, na asiyeweza kulipa aliambiwa abomoe nyumba yake aondoke.

Mwaka 1928 wakazi waligoma. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, Pastimes and Politics, anaonyesha kwamba wanawake, ambao wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe, walikuwa mstari wa mbele. Waliogoma walifikishwa mahakamani, na wenzao walipofungwa, umati ulivamia gereza na kuwatoa. Serikali ya kikoloni, iliyozoea kuwatetea wenye ardhi, ililazimika kuweka sheria ya kudhibiti kodi za viwanja.

Kwa nini waliweza? Naona sababu tatu. Ya kwanza, kuta zilikuwa zao. Mwenye kiwanja asingeweza kumtoa mtu asubuhi na kumwingiza mwingine jioni, kwani pale palikuwa na nyumba ya mtu. Ya pili, walikuwa na mahali pa kukutania tayari: misikiti, vikundi vya ngoma, timu za mpira na visima. Ya tatu, walikumbuka desturi. Kwao kodi mpya haikuwa bei tu, bali ilikuwa kuvunja ahadi ambayo wazee wao walipewa.

Sisi tunayo ya pili. Nusu ya ua wetu huswali msikiti mmoja, na wote huonana kwenye umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ya kwanza hatuna. Vyetu ni vitanda, masufuria na jiko la chapati. Mama alipowaita majirani watatu wa uani tukubaliane kusema neno moja, wawili walikuja. Wa tatu alikuwa ameshalipa 110,000, akaomba radhi kwamba shule ya wanawe iko karibu. Sikuweza kumlaumu.

Tulikwenda kwa Hajati, mama na majirani wawili, mimi nikiwa mwandishi. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza habari za haki. Mama hakunipa nafasi. Alimkumbusha mwaka mvua ilipobomoa ukuta wa choo, nasi tukaujenga kwa fedha zetu. Na siku za msiba wa mumewe, nani alipika. Hajati naye alitueleza mkopo wa kumsomesha mjukuu, na kwamba nyumba hii ndiyo shamba lake pekee. Tulitoka na 85,000, na karatasi iliyosainiwa kwamba haitapanda kwa miaka miwili.

Kwa hiyo najibu swali langu hivi: mama alitumia sababu ya tatu, ile ya desturi, kwa sababu ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Lakini desturi inamlinda mpangaji pale tu mwenye nyumba anapoikumbuka, na Hajati ana miaka 74. Ng'ambo walipata sheria. Sisi tumepata karatasi ya miaka miwili. Mama ameiweka ndani ya msahafu. Nilipomuuliza tutafanya nini ikiisha, alisema, "Wewe maliza shule kwanza."