Pointa

Pointa ni mbwa wa kuwindia ndege, mwenye manyoya mafupi na pua hodari, aliyestawishwa Uingereza, hasa katika karne ya 18, kwa kuchanganya nasaba kadha zikiwamo za mbwa wa Hispania. Pointa akinusa harufu ya kwale majanini husimama kimya, mkia umenyooka, mguu mmoja wa mbele aghalabu ameukunja, pua ikielekea walipo ndege, hata mwindaji amfikie.

Silika hiyo huzaliwa nayo. Lililo zito, na linalotaka saburi nyingi ya mwalimu, ni kumzoeza atulie ndege wanaporuka na bunduki inapolia. Basi hufundishwa kwanza kutii sauti na filimbi, kisha hufungwa kamba ndefu ili akikurupuka azuiwe pasipo kupigwa, ilhali mlio wa bunduki husikizwa kutoka mbali, taratibu, kwani mbwa aliyekwisha kutishwa na baruti ni taabu kumrejesha. Mawindoni hupekua uwanja kushoto na kulia akiukabili upepo, na amwonapo mwenziwe amesimama, naye husimama.

Mashindano ya mwanzo ya mawindoni ya mbwa wa namna hii yalifanyika Southill, Uingereza, mwaka 1865.