Ncha za mawe za Kisumu: Jinsi jiwe la volkano lilivyogeuzwa silaha

MAGHARIBI mwa jiji la Kisumu, katika eneo la Muguruk, ardhi imehifadhi maelfu ya vipande vya mawe ambavyo mpita njia huvidhania kuwa kokoto za kawaida. Kwa wanaakiolojia, vipande hivyo ni karakana ya wahunzi waliotangulia chuma.

Katika miaka ya 1930, Walter Edwin Owen, shemasi mkuu wa Kanisa la Anglikana katika jimbo lililoitwa wakati huo Kavirondo, alikusanya zana za mawe katika eneo hilo. Yeye na Louis Leakey walichapisha maelezo ya zana za aina hiyo mwaka 1945, mwaka ambao Owen alifariki dunia.

Uchunguzi wa kina ulifanywa baadaye na mwanaakiolojia Sally McBrearty, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1988. Alibainisha tabaka mbili za ufundi. Ya chini, aliyoipa jina la Ojolla, ina zana nzito pamoja na ncha ndefu zilizochongwa pande zote mbili mfano wa jani. Ya juu, iitwayo Pundo Makwar, ni ya Zama za Mawe za Kati.

Ufundi wa Ojolla una ndugu zake katika kanda hii. Wataalamu huuhusisha na zana za Sango, zilizopewa jina la ghuba ya Sango upande wa Uganda wa ziwa hilohilo, na zile za Lupemba nchini Kongo.

Jiwe lenyewe

Karibu zana zote za Muguruk zilitengenezwa kwa fonoliti ya Ombo, jiwe la volkano linalopatikana papo hapo. Fonoliti ni jamaa ya basalti: yote mawili ni lava iliyopoa na kuganda. Jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe litoalo sauti, kwa kuwa bamba lake likigongwa hulia.

Sauti hiyo ina faida kwa fundi. Jiwe zima hulia kwa mlio mkali. Lenye ufa ndani hutoa sauti iliyofifia, nalo hutupwa kabla ya kupoteza nguvu za mchongaji.

Jiwe la lava si rahisi kuchonga kama gumegume au obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano kinachopatikana kwa wingi karibu na Naivasha. Lava yenye chembe kubwa au matundu ya hewa hukatika ovyo. Yenye chembe laini ndiyo ifaayo. Makali yake hayafikii yale ya obsidiani, lakini hudumu zaidi na hayavunjiki upesi yakipigwa kwenye mfupa au mti.

Hatua za kazi

Kwanza, fundi huchagua nyundo: jiwe gumu la mviringo linalotosha kiganja. Kisha hutafuta kwenye jiwe la kuchongwa ukingo wenye pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Pembe ikizidi hapo, kibanzi hakibanduki hata pigo likiwa zito namna gani.

Pigo hutua karibu na ukingo, si katikati. Nguvu hupenya ndani ya jiwe na kubandua kibanzi upande wa chini. Kibanzi hicho hubaki na uvimbe mdogo chini ya mahali palipogongwa, na mara nyingi mawimbi hafifu yanayosambaa kutoka hapo. Alama hizo, hasa zinapojirudia katika vipande vingi, ndizo humwezesha mtaalamu kutofautisha kazi ya mikono na jiwe lililopasuliwa na maji au jua.

Pili, fundi hugeuza jiwe na kulipiga upande wa pili, akitumia kovu la kibanzi cha kwanza kama mahali pa kugonga. Hivyo huendelea kuzunguka, zamu kwa zamu, mpaka umbo la jani lijitokeze.

Tatu ni kazi ya kupunguza unene, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Ukingo husuguliwa kwanza kwa jiwe lenye mikwaruzo ili usipondeke. Kisha wachongaji wa leo wanaoiga ufundi huo hutumia nyundo laini zaidi, kama vile mfupa, pembe ya mnyama au mti mgumu, ili vibanzi vitoke vyembamba na virefu. Pigo moja baya hukata ncha vipande viwili, na kazi yote huwa bure.

Mafundi wa Zama za Mawe za Kati walikuwa pia na mbinu nyingine. Badala ya kuchonga jiwe zima liwe zana, walilitayarisha mgongo wake kama gamba la kobe, kisha wakabandua kwa pigo moja kibanzi chenye umbo walilokusudia tangu mwanzo. Ncha za namna hiyo zingeweza kufungwa kwenye mpini kwa kamba na utomvu, na kuwa mkuki.

Ziwa lenye historia ndefu

Ufuo huu una ushahidi wa kale zaidi ya huo. Huko Nyayanga, katika rasi ya Homa, Kaunti ya Homa Bay, watafiti walitangaza mwaka 2023 kupatikana kwa zana za kati ya miaka milioni 2.6 na 3 iliyopita, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha kwamba baadhi ya mawe yaliyotumika huko yalibebwa kutoka hadi kilomita 13.

Kaskazini zaidi, katika eneo la Lomekwi, Turkana, zilitangazwa mwaka 2015 zana za miaka milioni 3.3 zilizotengenezwa kwa basalti na fonoliti. Hizo ndizo za kale kuliko zote zinazojulikana duniani.

Tahadhari

Wanaotaka kujifunza ufundi huu hushauriwa kuvaa miwani ya kukinga macho na glavu, kuweka ngozi nene pajani, na kufanya kazi mahali penye hewa ya kutosha kwa kuwa vumbi la mawe hudhuru mapafu. Mabaki yao wayakusanye na kuyaondoa. Vibanzi vya leo vikiachwa penye vya kale, watafiti wa kesho watapotoshwa.

Aidha, sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 hulinda vitu vya kale nchini Kenya. Anayevigundua anatakiwa kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa, ambayo yana tawi mjini Kisumu. Zana iliyookotwa na kupelekwa nyumbani hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, kwani ni tabaka la udongo ilimolala ndilo hueleza umri wake na vitu ilivyoambatana navyo.

Mfano wa Nyayanga watosha. Aliyewaelekeza watafiti huko alikuwa mkazi wa eneo hilo aliyeona mifupa na mawe yakifichuliwa na mmomonyoko. Laiti angaliyapuuza, au angaliyachukua akayauza, huenda mvua ingaliyasomba yaliyosalia hadi ziwani kabla ya mtu yeyote kujua yalikuwa nini.