Maji Yaliyomo Ndani ya Ng'ombe

Nilipoanza kazi ya bwana mifugo Nachingwea, mifugo tuliyokuwa tukiishughulikia ilikuwa mbuzi na kuku. Ng'ombe walikuwa wa kuhesabika, kwa kuwa pori lilikuwa la mbung'o. Waingereza waliokuja na mpango wa karanga mwaka 1947 walileta matrekta na reli. Mpango ukafa 1951, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Ufugaji wa ng'ombe hawakutuachia.

Makundi makubwa yaliingia mkoani Lindi kuanzia 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu ili kuokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu. Waliondolewa kwa ajili ya maji, na walipofika kwetu, swali lao la kwanza lilikuwa maji yako wapi. Wengine walishusha mifugo hadi Mto Mbwemkuru, upande wa Ruangwa.

Mimi nilibaki na swali jingine: ndani ya ng'ombe aliye hai yamo maji kiasi gani? Njia yetu ilikuwa kufinya ngozi ya shingo na kuitazama. Ikikawia kurudi, na macho yamezama, tulijua amekaukiwa. Kiasi gani, hatukuweza kusema.

Wataalamu walikuwa wameshapata jibu. Mwaka 1934 Hevesy na Hofer walipima maji ya mwili wa binadamu kwa maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito. Ni kama kutia chumvi ya kipimo kwenye mtungi usioujua ujazo wake, ukakoroga, kisha ukaonja. Kwa ng'ombe, Kraybill na wenzake walitumia dawa ya antipirini mwaka 1951 huko Marekani. Chukua mfano: umemdunga gramu 30, damu ikaonyesha gramu 0.15 kwa lita ya maji. Basi maji ni lita 200. Kwa kuwa mwili usio na mafuta ni maji kwa takriban asilimia 73, ng'ombe wa kilo 300 ana kilo 274 zisizo mafuta, na mafuta ni kilo 26 tu. Hayo yote bila kumchinja! Nilipoielewa hesabu hiyo nilifurahi sana.

Hapa Afrika Mashariki kazi hiyo ilifanyika Galana, Kenya, miaka ya 1970, ambako J. M. King na wenzake walitumia maji yenye tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, kujua ng'ombe na wanyamapori kama pofu na choroa wanatumia maji kiasi gani kwa siku. Nchi kavu kama ile ilihitaji kujua hivyo kabla ya kuamua mnyama gani afugwe wapi. Kwetu ng'ombe walifika kabla ya kipimo chochote, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tritiamu ina tatizo moja: inaingia hadi tumboni, ikahesabu na maji ambayo ng'ombe amekunywa asubuhi. Mnadani wachuuzi wanalijua tumbo hilo vizuri. Ng'ombe hunyweshwa sana kabla ya kupandishwa mizani. Mwaka 1973 Preston na Kock walitumia urea, kemikali ileile iliyomo kwenye mbolea yetu dukani. Inadungwa kwenye mshipa, na damu huchukuliwa baada ya dakika 12 hivi, kabla urea haijaenea tumboni. Kinachopimwa ni maji ya mwili, na ndoo mbili za mchuuzi hazimo.